Jiko Lisilozimika

Umande ulikuwa umeganda juu ya matuta ya viazi, lakini watu wa Nyamale walikuwa wakipita barabarani na mashati ya mikono mifupi kama watu wa Tanga. Mvuke uliwatoka mabegani. Mzee mmoja aliyekuwa akichambua mbegu za viazi mlangoni kwake alimpungia mkono Daktari Betina Chaula, akamuuliza habari za Kituo cha utafiti alikofanya kazi, kisha akarudia kazi yake kwa vidole vilivyokuwa vyepesi, visivyojua ganzi. Betina akamjibu kwamba ni nzuri, akaongeza mwendo.

Na yeye alivaa mikono mifupi. Asingeweza kuvaa vinginevyo, maana yeye ndiye aliyelileta jiko Nyamale. Lakini chini ya blauzi yake ya kitenge, iliyoshonwa pana kwa makusudi, alikuwa na fulana nyembamba ya nyaya iliyojipasha moto kwa betri. Mikono iliyobaki nje aliipaka dawa ya kuchua kila asubuhi ili isimsaliti kwa vipele vya baridi. Siri hiyo alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: unatafunia upande mwingine, siku inapita.

Jiko lenyewe halikuonekana, kwa kuwa lilikuwa ndani ya watu. Jua lilipofifia katika miaka ya vumbi, baridi ya milimani ilishuka mpaka vitandani. Watu wakakata miti, wakakoka moto usiku na mchana, hadi Baraza la Nyanda likaona kwamba misitu ikiisha na chemchemi nazo zitakufa. Ndipo Kituo kikaja na sindano. Ulichomwa mara moja tu, na baada ya muda mfupi mwili wako ukaanza kujipasha moto wenyewe. Wazee walichekelea kwamba sasa hata makapera wamepata jiko. Masweta yakauzwa mnadani kwa bei ya kutupa. Kisha Baraza likapita nyumba kwa nyumba, likabomoa mafiga, likaziba mabomba ya moshi kwa saruji, na mtu kukutwa na mzigo wa kuni ikawa kesi ya kupelekwa mahakamani. Chakula kilipikwa kwenye jiko la umeme la kijiji, na kila mtu alibeba sufuria yake kurudi nyumbani.

Betina alikumbuka mkutano wa kwanza kila alipopita pale uwanjani, na hakupenda kukumbuka. Alikuwa amesimama mbele ya watu wote, amechora kwa chaki kinu cha maji cha misheni, kile kile walichosagia mahindi babu zao.

"Chakula kikiingia kwenye seli hakiungui mara moja," aliwaambia. "Sukari kwanza inakatwa vipande viwili, nje kwenye ute wa seli. Hapo faida ni kiduchu. Halafu vile vipande vinaingia kwenye vyumba vidogo vidogo, vinaitwa mitokondria. Humo vinazungushwa na kuchambuliwa mpaka kaboni yote itoke, nayo ndiyo hii hewa mnayoitoa puani. Kinachobaki ni haidrojeni, na ndani ya haidrojeni kuna nguvu. Nguvu hiyo inatumika kusukuma protoni upande wa pili wa ukuta, zinajaa huko kama maji kwenye bwawa la kinu. Mnafuatana nami?"

"Tupo, mwalimu!" waliitikia, ingawa yeye hakuwa mwalimu.

"Sasa, zikitaka kurudi, njia ni moja tu, lazima zipite kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka linasaga unga, na huo unga unaitwa ATP. Moyo unaula, ubongo unaula, mkono ukinyanyua jembe unaula. Ile oksijeni mnayovuta kazi yake ni kukaa mwisho wa mfereji, ipokee mabaki yageuke maji, vinginevyo mfereji unaziba na mtu anakufa. Sisi tunachofanya ni kutoboa mlango pembeni ya bwawa. Baridi ikija, mlango unafunguka, maji yanapita bila kugusa gurudumu. Unga hausagwi, lakini nguvu haipotei. Inatoka kama joto."

Mzee mmoja akauliza, "Na bwawa likikauka?"

"Halikauki, babu. Si mnakula?"

Watu wakacheka, wakasema wanakula.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, na hakuna mtaalamu mgeni ambaye angestahili kulaumiwa kama yeye. Kabla ya sindano, Kituo kilimtuma apite majumbani kuuliza watu wanakula mara ngapi kwa siku. Kila nyumba ilimjibu kwamba wanakula mara tatu na wanashiba. Betina alizaliwa Nyamale. Alijua kwamba pale hakuna mtu anayemwambia mgeni mlangoni kuwa ndani kuna njaa. Mtoto akiropoka, anafinywa paja, na mgeni anaambiwa huyu ana mdomo, tumeshakula, tumeshiba kabisa. Yeye mwenyewe alifinywa hivyo utotoni. Aliona masufuria yaliyokauka chini ya kabati, aliona watoto wakimeza mate, akayapeleka majibu Kituoni kama yalivyotolewa.

Na majibu hayo ndiyo yaliyoliondoa komeo. Katika jiko la kwanza kulikuwa na komeo dogo: mafuta ya mwili yakipungua mno, mlango wa bwawa unajifunga wenyewe. Lakini waliojaribiwa wakiwa na komeo walitetemeka, na Baraza halikutaka watu wa kutetemeka wakati lilikuwa limeahidi joto. Komeo la nini, walisema kikaoni, kwa watu wanaokula mara tatu na kushiba? Betina alikuwa kwenye kikao hicho. Alikohoa kidogo, akanyamaza.

*

Nyumba ya mama yake mdogo, Yustina, ilikuwa mwisho wa kijiji, mahali ambapo mashamba ya pareto yanakutana na msitu uliofungwa. Yustina ndiye aliyemlea Betina baada ya mama yake kufariki, na ndiye aliyemwita siku hiyo kwa redio ya zahanati. Binti yake, Tulia, alikuwa amejifungua, na mtoto haongezeki uzito.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani. Mbona umekonda hivyo, huko Kituoni hawakulishi?"

Aliyesema hayo mifupa ya mabega yake ilikuwa imechongoka chini ya kanga. Alimwekea Betina sahani ya viazi vya kuchemsha.

"Na nyie?"

"Sisi tumeshakula, tumeshiba kabisa. Kula wewe, umetoka mbali."

Betina alitafuna kiazi kimoja, akaisogeza sahani pembeni. Palipokuwa na mafiga, katikati ya chumba, saruji ilikuwa imesawazishwa vizuri na juu yake pametandikwa mkeka. Tulia alikuwa ameketi hapo, ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Alikuwa msichana wa maneno mengi tangu utoto wake, lakini sasa alimwangalia tu Betina kwa macho yaliyoingia ndani.

"Dada, ananyonya tangu alfajiri," alisema. "Nikimtoa analia. Nikimrudisha ananyonya. Hatapiki, haharishi. Maziwa yanakwenda wapi?"

Betina akampokea mtoto, waliyempa jina la Kisa. Mwili ulikuwa wa moto, lakini haukuwa moto wa homa. Alikuwa amepakata watu wa Nyamale wa kutosha kuujua moto huo. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea kama nguo ya kuazima. Akamweka kwenye mizani ya kitambaa aliyokuja nayo. Kisa alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa.

Akajua. Alijua kabla hajatoa mizani, lakini mtu hutafuta kucheleweshwa. Mitokondria zote za mtoto, zile zenye mlango wa jiko, hutoka kwa mama. Baba hachangii hata moja. Pale uwanjani Tulia aliuliza mwenyewe kama jiko litahamia kwa watoto atakaozaa baadaye, na Betina akamwambia halitahamia, litabaki kwenye misuli, mayai ya uzazi halifiki. Ukweli ni kwamba Kituo kilikuwa kinatumaini hivyo. Yeye alilichukua tumaini akalisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na watu wakamwamini kwa sababu ni mtoto wao.

"Maziwa yanageuka joto," alisema. "Amezaliwa na jiko."

Yustina akaacha kukunja kanga aliyokuwa akikunja. "Ulisema hawatazaliwa nalo."

"Nilisema, mama mdogo."

"Mtoto mchanga hivi, jiko la mtu mzima?"

"Ndiyo. Kila anachonyonya kinapita mlangoni. Hakibaki cha kumkuza, na sasa hakitoshi hata cha kumpa nguvu ya kunyonya."

Tulia hakulia. Aliunyoosha mkono, akamchukua mwanawe. "Basi lizime."

Betina alikuwa na kizibo kwenye mkoba wake, dozi mbili, zote alizoweza kuzipata kwa mtunza dawa wa Kituo bila kuulizwa maswali. Ukichomwa, mlango wa bwawa unafungwa muda si mrefu, na haufunguki tena. Akawaeleza hivyo. Kisha ikabidi aeleze lililobaki, na hapo sauti yake ikapungua.

"Likizimika atakuwa kama watoto wa zamani. Baridi hii itamuua."

"Nitampakata. Mimi ninalo langu."

"Ukimpasha wewe, Tulia, lako litakula kila kitu unachokula. Maziwa yatakauka. Yameshaanza kupungua, hujaona? Kama tunataka anyonye, lazima na lako tulizime."

"Tutakuwa wawili wasio na jiko, kwenye nyumba isiyo na moto."

"Ndiyo."

"Sasa dada, hiyo ni dawa gani?"

Jibu Betina alikuwa nalo, na lilikuwa limembana kifuani, linampasha moto vizuri sana. Fulana ile ingewatosha wote wawili. Mtoto angewekwa ndani yake, mama akamkumbatia, betri ilikuwa imejaa na ya akiba ilikuwa mkobani. Hakuhitaji kwenda popote wala kumwomba mtu yeyote.

"Nitarudi Kituoni," alisema, "niwaletee kipasha moto."

Akasimama kweli, akashika mkoba. Alipofungua mlango ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti, na mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati kwa kelele kiasi kwamba Yustina alilazimika kupaza sauti.

"Utakwenda wapi sasa? Njia ya bondeni ikipigwa na mawe haipitiki mpaka kesho. Kaa!"

Akakaa. "Tusubiri ipungue," alisema.

Wakasubiri. Hoja hazikumpungukia wakati wa kusubiri. Watu wakijua kwamba Daktari Chaula hana jiko, nani atakiamini tena Kituo? Vijiji vya juu vilikuwa bado havijachomwa, na huko watu walikuwa wanakufa kwa baridi. Kizibo chenyewe kilihitaji fedha za Baraza ili kitengenezwe kwa wingi, na Baraza litampa nani fedha, mtu aliyejiaibisha? Kila hoja ilikuwa na kichwa na miguu, na kila moja ilimalizikia mahali pamoja: abaki na fulana yake. Aliona haya kwa jinsi zilivyokuja haraka.

Na chini ya hoja zote kulikuwa na kitu kidogo cha kawaida. Alikuwa anaogopa. Aliwaona panya wa maabara walivyokuwa, wale waliopewa jiko bila komeo halafu wakapunguziwa chakula. Walikula mpaka majani ya kulalia. Siku ya sindano uwanjani, alipotangulia mbele ya umati ili watu wapate moyo, bomba lake la sindano lilikuwa na maji ya chumvi.

Kisa akaliacha ziwa la mama yake. Tulia alitabasamu kwanza, akidhani ameshiba. Kisha akamwinua, na kichwa cha mtoto kikaenda upande bila kujizuia.

"Kisa. Kisa! Mama, hebu mwangalie. Hanishiki kidole!"

Betina alikuwa ameshapiga magoti. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu, moyo ulikuwa unapiga haraka na kwa udhaifu. Mwili ulikuwa bado na joto, joto la kijinga, wakati gurudumu ndani limekaribia kusimama na misuli haina hata unga wa kunyonyea.

Akavunja kichupa. Akamchoma Kisa pajani, akamchoma Tulia begani. Akamdondoshea mtoto maji ya sukari ndani ya shavu, tone kwa tone. Halafu akawapa mgongo, akafungua vifungo vya blauzi, akaivua ile fulana.

Baridi ilimvamia kwa namna ambayo alikuwa ameisahau. Akaigeuza fulana, akamfunga nayo mtoto kifuani kwa mama yake, akapitisha mikanda mgongoni kwa Tulia, akaongeza moto. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye betri.

Tulia akaigusa ile taa kwa kidole.

"Hii ni nini?" Tulia akauliza.

"Ni fulana ya joto. Ni yangu."

"Ya nini kwako?"

"Sina jiko, Tulia. Sijawahi kuwa nalo. Siku ile nilichomwa maji ya chumvi."

Tulia aliinamisha uso, akamwangalia mwanawe ndani ya kitambaa kile chenye nyaya. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya hasira, na Betina angependa zaidi iwe ya hasira.

"Nilikuwa nyuma yako kwenye mstari. Mimi naogopa sindano tangu utoto, unajua. Nikakuangalia, nikaona hata hukukunja uso. Nikasema, kama dada anachomwa vile, mimi ninaogopa nini?"

"Ninajua."

"Hujui. Usiseme unajua."

Yustina aliinuka, akaingia chumba cha ndani na kufunga pazia.

*

Kizibo kilifanya kazi kama kilivyotakiwa. Joto la kijinga likamtoka Kisa, na joto la fulana likachukua nafasi yake. Baadaye kidogo akasogeza midomo. Tulia akampa ziwa, na safari hii akavuta kwa nguvu mpaka mama yake akashtuka, akasema "Aa!" na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Betina alitaka kufurahi. Alifurahi, kisha akakumbuka nyumba zote alizozipita asubuhi, na wajawazito alioamkiana nao njiani, na furaha ikakatika.

Alikuwa ameketi pembeni, magoti kifuani, blauzi ya kitenge ikiwa ndiyo nguo yake yote ya juu. Alitafuta blanketi kwa macho. Nyumba haikuwa na blanketi, wala nyumba nyingine yoyote Nyamale. Yaliuzwa pamoja na masweta. Meno yakaanza kugongana. Kutetemeka nako ni jiko, jiko la zamani, misuli inachoma unga wake bure ili ipate joto kidogo, na halidumu. Vidole vya miguu viliacha kuuma, na alijua si dalili nzuri. Akaona kwamba ni haki yake. Akalitazama wazo hilo, akaona linampendeza mno, akaacha kuliamini.

Pazia likafunguliwa. Yustina alikuwa amejifunga kanga vizuri, uso wake umekaza.

"Sogea," alisema.

"Mama mdogo, hapana."

"Nimesema sogea." Akaketi nyuma yake, akamvuta kwa mabega, akamkumbatia, mgongo wa Betina kifuani kwake.

"Usinishike. Nikiwa wa baridi hivi, jiko lako litafunguka lote. Na dozi zimekwisha, siwezi kulizima. Hujala, mama mdogo, nimeona."

"Tangu juzi ninakunywa maji ya chumvi," Yustina akasema. "Viazi ninampa huyu anayenyonyesha. Ulitaka kujua? Haya, umejua."

"Basi niache. Utaungua."

"Wewe utakufa."

"Niache!"

"Betina, nyamaza. Maneno ninayo, tena mengi, na utayasikia yote, mbele ya kijiji kizima, na wewe ndiye utakayeanza kusema. Kwanza upate joto."

Mvua ilikuwa imepungua. Upande wa pili wa chumba Tulia aliwatazama mara moja, akageuzia uso wake kwa mtoto.

Joto lilianza kuja. Lilipita kwenye kanga na kwenye kitenge, likaingia mgongoni, likashuka kiunoni, likafika mpaka kwenye vidole, navyo vikaanza kuuma upya. Betina alijua kila hatua ya njia ambayo joto hilo lilipitia. Sukari kwa mtu huyu ilikuwa imekwisha siku nyingi. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Aliweza kuhesabu mbavu kwa mgongo wake mwenyewe. Kilichobaki ni nyama, na mwili ulikuwa unaikata nyama yake, unaitupa kwenye mzunguko ule ule, bwawa linajaa, na mlango uko wazi. Mikono iliyombeba utotoni ndiyo iliyokuwa ikimfikia sasa kama joto. Alipaswa kuinuka aende akakae kwenye kona. Alijiambia kwamba atainuka, akishapata nguvu kidogo tu.

Kisha mwili wake ukaacha kutetemeka, usingizi ukaanza kumchukua, akajisogeza karibu zaidi.